Jiwe la Uluguru na Kina cha Mwamba: Historia ya Upimaji wa Nyutroni za Usuli Chini ya Ardhi kwa Mtazamo wa Tanzania

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya upimaji wa nyutroni za usuli katika maabara za fizikia zilizojengwa chini ya ardhi, na nafasi ya Tanzania ndani ya historia hiyo. Masimulizi yaliyozoeleka huanza na maabara kubwa za Ulaya na Marekani, nayo huiacha Afrika Mashariki nje kabisa. Insha inaonesha kuwa nyutroni za usuli zina asili mbili, yaani anga na mwamba, na kwamba kwa upande wa mwamba ardhi ya Uluguru ilihusika mapema, mwaka 1906 na tena mwaka 1914, ingawa vipimo vyote vilifanyika Ulaya. Aidha, insha inafuatilia namna uwezo wa kupima ulivyojengwa nchini kuanzia miaka ya 1980 kwa madhumuni ya kuwalinda watu dhidi ya mionzi, na inahoji kuwa kazi hiyo, ambayo huhesabiwa kuwa ya huduma tu, ni sehemu halali ya historia ya fizikia ya chini ya ardhi.

1.0 Utangulizi

Nyutroni ni chembe isiyo na chaji ya umeme, iliyomo katika kiini cha kila atomu isipokuwa ile ya hidrojeni ya kawaida. Kwa kuwa haina chaji, haivutwi wala haisukumwi na elektroni za maada inamopita. Hupenya ukuta wa risasi ambao ungezuia mionzi ya aina nyingine, na hujitambulisha pale tu inapogongana na kiini cha atomu. Sifa hiyo ndiyo inayoifanya iwe kikwazo kikubwa kwa majaribio yanayotafuta matukio adimu. Mwanafizikia anayesubiri chembe ya maada-giza igongane na kiini kimoja ndani ya kigunduzi chake hana njia rahisi ya kuutofautisha mgongano huo na ule unaosababishwa na nyutroni. Kwa hiyo, kabla ya kudai kuwa ameona jambo jipya, hana budi kuhesabu kwanza nyutroni zilizokuwapo mahali pale bila kualikwa. Hizo ndizo zinazoitwa nyutroni za usuli katika insha hii.

Nyutroni za usuli zina asili mbili. Ya kwanza ni mionzi ya kosmiki itokayo anga za mbali: inapogonga angahewa au mwamba huvunja viini vya atomu na kuzitoa nyutroni. Ya pili ni mwamba wenyewe, kwa kuwa karibu kila mwamba una chembechembe za urani na thori. Kushuka chini ya ardhi huikinga maabara na asili ya kwanza, lakini huizungushia asili ya pili pande zote. Historia ya upimaji inayosimuliwa hapa ni historia ya kuzitenganisha asili hizo mbili.

Insha inaongozwa na maswali matatu. Je, ardhi ya Afrika Mashariki iliingiaje katika elimu hii? Je, ni kwa hatua zipi upimaji wa nyutroni ulihamia chini ya ardhi? Na je, upimaji wa mionzi uliofanywa na Watanzania wenyewe una uhusiano gani na elimu hiyo? Ni vema kuweka mipaka mapema. Tanzania haijawahi kuwa na maabara ya fizikia iliyo katika kina kirefu cha ardhi, na insha hii haidai vinginevyo. Inachodai ni kwamba kutokuwapo kwa jengo hakumaanishi kutokuwapo kwa historia.

2.0 Jiwe kutoka Uluguru, 1906–1914

Mwanzoni mwa karne ya 20, milima ya Uluguru iliyo kusini mwa mji wa Morogoro ilikuwa na machimbo ya ulanga chini ya utawala wa Wajerumani. Ulanga huo ulipatikana katika mishipa ya mwamba yenye fuwele kubwa, na ndani ya mishipa hiyo, hususan katika eneo la Lukwengule, yalikutwa mawe meusi na mazito yenye urani. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907. Mawe hayo yalikuwa yamekwisha kufika Ulaya kabla ya reli kufika Morogoro.

Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald wa Berlin alichapisha maelezo ya madini hayo. Alieleza kuwa jiwe jeusi lilikuwa uraninaiti, na kwamba sehemu yake ya nje ilikuwa imegeuka kuwa ganda la njano. Alipolichunguza ganda hilo aliona kuwa ni kaboneti ya urani, madini ambayo hayakuwa yamewahi kuelezwa. Aliyapa jina la rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford, ambaye wakati huo alikuwa profesa mjini Montreal nchini Kanada. Hadi leo vitabu vya elimu ya madini huitaja Morogoro kuwa mahali pa asili pa madini hayo.

Utoaji huo wa jina unaeleza mengi kuhusu mgawanyo wa kazi katika sayansi ya enzi ya ukoloni. Mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Kanada alienziwa na mkemia wa Ujerumani kwa jiwe lililochimbwa katika nchi ya Waluguru. Desturi ya kuwaenzi wanasayansi kwa majina ya madini ni ya kawaida, wala hapana haja ya kuiona kuwa dhuluma ya pekee. Hata hivyo, desturi hiyo iliimarisha hali ambayo Afrika ilitoa sampuli, na Ulaya ikatoa jina, kipimo na maana.

Mchango mkubwa zaidi wa jiwe hilo ulikuja mwaka 1914. Mwaka uliotangulia, Frederick Soddy alikuwa amependekeza dhana ya isotopu, yaani kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomu zenye tabia ileile ya kikemia lakini zenye uzito tofauti. Dhana hiyo ilihitaji ushahidi, na ushahidi ulitafutwa katika risasi. Hesabu ilikuwa nyepesi. Urani, yenye uzito wa atomu wa karibu 238, hubadilika hatua kwa hatua na kutoa chembe alfa nane, kila moja ikiwa na uzito wa 4. Ukiondoa 32 kutoka 238 unabaki na 206. Kwa hiyo, risasi iliyozaliwa na urani ilipaswa kuwa na uzito wa karibu 206, ilhali risasi ya kawaida ina uzito wa takriban 207.2.

Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz, waliokuwa wakishirikiana na Taasisi ya Radiamu ya Vienna, waliifanya kazi ya kupima. Risasi waliyoitoa katika madini ya urani ya Joachimsthal, Bohemia, iliwapa uzito wa 206.74. Thamani hiyo ilikuwa ndogo kuliko ya risasi ya kawaida, lakini haikufika 206, kwa sababu madini yale yalikuwa yamechanganyika na risasi isiyotokana na urani. Walipotumia uraninaiti ya fuwele kutoka Morogoro walipata takriban 206.05. Jiwe la Uluguru lilikuwa safi kiasi kwamba karibu risasi yake yote ilikuwa imezaliwa ndani yake lenyewe. Pamoja na madini ya bröggerite ya Norwei, ambayo yalitoa thamani inayokaribiana na hiyo, jiwe la Morogoro likawa mojawapo ya mashahidi wenye nguvu kabisa wa kuwapo kwa isotopu.

Yafaa kukumbuka pia kuwa Horovitz, ambaye mikono yake ilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ngumu ya kikemia, alisahauliwa kwa muda mrefu katika historia ya sayansi. Alikuwa Myahudi kutoka Poland, naye aliuawa na Wanazi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Waliochimba jiwe hilo Uluguru hawakuandikwa katika historia hiyo hata kwa jina moja. Katika maandishi ya kemia, upande wao unawakilishwa na neno moja tu, Morogoro.

3.0 Kutoka isotopu hadi nyutroni

Mtu anaweza kupinga kwamba habari ya isotopu si habari ya nyutroni, na kwamba kuiunganisha Morogoro na upimaji wa nyutroni ni kulazimisha mambo. Pingamizi hilo lina uzito, nalo linajibiwa na mpangilio wa matukio. Isotopu zilileta swali ambalo halikuwa na jibu mwaka 1914: atomu mbili zenye chaji sawa katika kiini zinawezaje kutofautiana kwa uzito? Mwaka 1920, katika mhadhara aliotoa mjini London, Rutherford alipendekeza kuwa huenda ipo chembe isiyo na chaji yenye uzito unaokaribia ule wa protoni. Mwaka 1932 mwanafunzi wake wa zamani, James Chadwick, aliithibitisha chembe hiyo katika maabara ya Cavendish mjini Cambridge. Tangu hapo tofauti ya isotopu imeelezwa kuwa ni tofauti ya idadi ya nyutroni. Risasi ya Morogoro ilikuwa na uzito wa karibu 206 kwa kuwa viini vyake, karibu vyote, vina protoni 82 na nyutroni 124. Kwa maneno mengine, Hönigschmid na Horovitz walikuwa wamepima tokeo la idadi ya nyutroni miaka 18 kabla ya nyutroni yenyewe kujulikana.

Baada ya mwaka 1932 mambo yalikwenda kwa kasi. Mwishoni mwa mwaka 1938 Otto Hahn na Fritz Strassmann mjini Berlin waliona dalili za kupasuka kwa kiini cha urani kilichopigwa kwa nyutroni, na mwanzoni mwa mwaka 1939 Lise Meitner na Otto Frisch walitoa maelezo yake ya kifizikia. Urani ikageuka ghafla kutoka bidhaa ya wakemia na kuwa suala la vita. Hapa tena ardhi ya wasemaji wa Kiswahili ilihusika: mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga, uliogunduliwa mwaka 1915 na kumilikiwa na kampuni ya Union Minière, ulikuwa na madini yenye urani nyingi kuliko migodi mingine iliyojulikana wakati huo. Zaidi ya tani elfu moja za madini yake zilihifadhiwa New York kwa amri ya Edgar Sengier, mkuu wa kampuni hiyo, nazo zilinunuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1942. Mfano wa Katanga ni mkubwa na wa kutisha kuliko ule wa Uluguru, lakini umbo lake ni lilelile: jiwe lilikuwa huku, kipimo kilikuwa kule.

4.0 Kushuka chini ya ardhi, 1940–1989

Hatua ya kwanza ya kuupeleka upimaji wa nyutroni na mpasuko wa viini chini ya ardhi ilipigwa Moscow mwaka 1940. Wanafizikia vijana Georgy Flerov na Konstantin Petrzhak walikuwa wameona kuwa urani hutoa ishara za mpasuko hata pale ambapo hakuna chanzo cha nyutroni karibu nayo. Swali lilikuwa kama mpasuko huo ulitokana na urani yenyewe au ulisababishwa na mionzi ya kosmiki, iliyogunduliwa na Victor Hess mwaka 1912 kwa kutumia puto. Ili kulijibu, walikipeleka chombo chao katika kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Dinamo, takriban mita 60 chini ya uso wa ardhi, ambako mionzi ya kosmiki ni hafifu. Ishara hazikupungua kwa namna ambayo mionzi ya kosmiki ingeeleza. Ikathibitika kuwa urani hupasuka yenyewe, pasipo kuchochewa na kitu cha nje.

Tukio hilo lina umuhimu wa pekee kwa mada hii. Kwa mara ya kwanza mwamba wa juu ulitumika kama pazia la kuzuia anga ili sauti ya urani isikike peke yake. Lakini ugunduzi huohuo ulibeba habari mbaya kwa vizazi vilivyofuata. Kilo moja ya urani ya kawaida hutoa nyutroni kama 13 au 14 kila sekunde kwa njia ya mpasuko wa hiari. Mwamba wenye gramu tatu tu za urani kwa kila tani, kiasi ambacho ni cha kawaida kwa itale, hutoa kwa njia hiyo nyutroni takriban 3,500 kwa siku katika kila tani. Juu ya hizo huongezeka nyutroni zinazotokea pale chembe alfa za urani na thori zinapogonga viini vyepesi kama vile vya oksijeni, alumini na silikoni. Hakuna kina kinachoweza kuziondoa nyutroni hizo, kwa kuwa huzaliwa ukutani.

Miaka ya 1960 wanafizikia walianza kushuka katika migodi mirefu. Mwaka 1965 kundi la Frederick Reines wa Marekani na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand liliweka vigunduzi katika mgodi wa dhahabu wa East Rand nchini Afrika Kusini, zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi, na likaona kwa mara ya kwanza dalili za nyutrino zinazozaliwa katika angahewa. Mwaka huohuo kundi jingine liliripoti matokeo kama hayo kutoka migodi ya Kolar nchini India. Kina hicho cha Afrika Kusini kilichimbwa na vibarua wahamiaji. Shirika la uajiri lililojulikana kwa jina la Wenela lilichukua watu kutoka nchi nyingi za kusini mwa Afrika, wakiwemo vijana wa nyanda za juu kusini mwa Tanganyika, hadi utaratibu huo ulipokomeshwa nchini baada ya uhuru. Fizikia ya chini ya ardhi barani Afrika ilikuta mashimo yaliyokwisha kuchimbwa, na gharama ya mashimo hayo ilikuwa imelipwa na watu wengine.

Wakati huohuo, Raymond Davis alikuwa akilijaza tangi kubwa kimiminika chenye klorini katika mgodi wa Homestake huko Dakota Kusini, karibu kilomita moja na nusu chini, ili kuzinasa nyutrino za jua. Kwake nyutroni za mwamba zilikuwa hatari ya moja kwa moja. Nyutroni zenye kasi zinaweza kuzalisha protoni, na protoni hizo zikaibadili klorini kuwa argoni ileile aliyoichukulia kuwa alama ya nyutrino. Ndiyo sababu pango la tangi liliandaliwa ili liweze kujazwa maji kama kinga. Hapo nyutroni za usuli zilikoma kuwa udadisi wa pembeni; zikawa sharti la kuaminika kwa matokeo.

Upimaji wa kina zaidi ulikuja na ujenzi wa maabara ya Gran Sasso nchini Italia, chini ya mwamba wa takriban mita 1,400. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1989 vilionesha mtiririko wa nyutroni wa takriban nne katika kila milioni moja kwa sentimita ya mraba kwa sekunde. Kwa lugha nyepesi, eneo la ukubwa wa kiganja, yaani sentimita 100 za mraba, hupitiwa na nyutroni kama 35 kwa siku nzima. Katika usawa wa bahari kwenye latitudo za kati eneo hilohilo hupitiwa na nyutroni takriban laki moja. Linalofundisha zaidi ni ulinganisho. Chembe za myuoni zitokazo angani hupungua mara milioni moja katika kina hicho, ilhali nyutroni hupungua mara elfu chache tu. Tofauti hiyo ni mchango wa mwamba.

Namna ya kuhesabu nyutroni chache kiasi hicho inahitaji uvumilivu. Kigunduzi kinachotumika sana ni bomba lenye gesi ya heliamu-3 au yenye boroni. Nyutroni iliyopunguzwa kasi inapomezwa na kiini cha gesi hiyo, hutolewa kiasi kinachojulikana cha nishati, na hivyo alama yake hutambulika. Nyutroni zenye kasi hupunguzwa kwanza kwa plastiki yenye hidrojeni nyingi. Tatizo ni kwamba kuta za bomba nazo zina chembechembe za urani na thori, na chembe alfa zake huigiza nyutroni. Kwa hiyo mpimaji huhesabu kwa miezi, kisha hulifunika bomba kwa bati la kadimi, ambalo huzizuia nyutroni za polepole, na kuhesabu upya. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo jibu lake. Chombo hupimwa kabla ya kupima.

5.0 Tanzania na kipimo chake

Uwezo wa kupima mionzi nchini Tanzania ulijengwa kwa njia nyingine na kwa sababu nyingine. Kitivo cha Sayansi katika kilichokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha Afrika Mashariki kilianza mwaka 1965, na chuo hicho kikawa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970. Tanzania ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976. Sheria Namba 5 ya mwaka 1983 iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi, na Sheria Namba 7 ya mwaka 2003 ikaigeuza kuwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Lengo lililotajwa na sheria hizo lilikuwa kuwalinda watu: wagonjwa na wahudumu katika vyumba vya eksirei, wafanyakazi wa viwandani, na walaji wa vyakula vinavyoingia nchini.

Kutokana na lengo hilo, watafiti wa Tanzania waligeukia mawe na udongo. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambako fosfati huchimbwa kwa ajili ya mbolea. Utafiti wa Banzi, Kifanga na Bundala uliochapishwa mwaka 2000 ulionesha kuwa mwamba huo una radiamu ya maelfu ya bekereli kwa kilo, ilhali udongo wa kawaida duniani una makumi tu. Mohammed na Mazunga nao walipima udongo na maji ya kijiji cha Likuyu, jirani na hazina ya urani ya Mto Mkuju mkoani Ruvuma, wakiweka kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kabla ya uchimbaji. Watafiti wengine wamepima jasi, saruji na malighafi zake.

Kazi hizi kwa kawaida huorodheshwa chini ya afya na mazingira, na si chini ya fizikia ya msingi. Insha hii inapinga mgawanyo huo kwa sababu mbili. Kwanza, kiasi wanachokipima, yaani urani na thori katika mwamba, ndicho hasa kinachoingizwa katika hesabu ya nyutroni za usuli. Hakuna maabara ya chini ya ardhi inayojengwa pasipo jedwali la namna hiyo. Pili, mbinu yao ina nidhamu ileile: sampuli hufungwa kwa wiki kadhaa ili radoni na vizalia vyake vifikie mlingano, kigunduzi huzingirwa kwa risasi, na usuli wa chombo kitupu hupimwa na kuondolewa. Mtafiti wa Minjingu na mtafiti wa Gran Sasso wanatofautiana katika swali, lakini wanakubaliana katika namna ya kuliuliza.

Mwaka 1996 Mkataba wa Kupiga Marufuku Kabisa Majaribio ya Nyuklia uliiorodhesha Dar es Salaam miongoni mwa vituo 80 vya kupima chembe zenye unururifu hewani. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2004. Katika vituo vya namna hiyo hewa huvutwa kupitia kichujio kwa siku nzima, kichujio huachwa ili unururifu wa asili upungue, kisha hupimwa. Kazi ya kila siku ya kituo ni kuujua usuli vizuri kiasi kwamba jambo lisilo la kawaida, likitokea, litambulike. Hiyo ndiyo falsafa ya upimaji wa nyutroni za usuli, ikiwa imehamishwa kutoka mwambani hadi hewani.

6.0 Pwani isiyo na kina: Kinondoni na Temeke

Sehemu hii inajaribu hoja ya insha mahali mahususi. Viunga vya Dar es Salaam, kuanzia Kunduchi na Tegeta katika Kinondoni hadi Mbagala katika Temeke, vimekaa juu ya mchanga, mfinyanzi na mawe ya chokaa ya matumbawe. Hapana mwamba mrefu wa kuzuia mionzi ya kosmiki. Hata mahandaki ya kaolini ya vilima vya Pugu, magharibi mwa jiji, hayana kina cha kutosha. Kwa kigezo cha kina peke yake, viunga hivi havina nafasi katika mada.

Kigezo cha kina, hata hivyo, hakijitoshelezi. Kwa upande wa anga, jiji liko karibu na ikweta, ambako uga wa sumaku wa dunia huzizuia chembe nyingi za kosmiki zenye nishati ndogo. Nyutroni za anga katika usawa wa bahari hapa hukaribia nusu ya zile za latitudo za juu. Kwa upande wa mwamba, mawe ya chokaa kwa wastani yana urani na thori kidogo kuliko itale na mfinyanzi, hasa thori. Gran Sasso yenyewe imechongwa katika mwamba wa jamii ya chokaa, na hiyo ni mojawapo ya sababu za utulivu wake.

Jambo la tatu linahusu saruji. Kiwanda cha Wazo Hill kilichoanza uzalishaji mwaka 1966 hutumia chokaa ya eneo hilo, na matofali ya saruji yamejenga sehemu kubwa ya nyumba za Tegeta, Bunju na Mbagala. Zege lina tabia mbili zinazopingana. Maji yaliyonaswa ndani yake yana hidrojeni inayozipunguza kasi nyutroni, na hivyo ni kinga. Lakini urani na thori iliyomo katika saruji, mchanga na kokoto huzizalisha nyutroni, na hivyo ni chanzo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu Gran Sasso ulibaini kuwa nyutroni nyingi ndani ya kumbi zake hutoka katika zege la ukutani, na mwamba ulio nyuma yake huchangia kidogo. Anayepima unururifu wa saruji ya Dar es Salaam kwa ajili ya usalama wa wakazi anashughulika, pasipo kutangaza, na tatizo lililowasumbua wajenzi wa maabara hiyo.

Yote haya hayaigeuzi Tegeta kuwa Gran Sasso. Yanaonesha tu kuwa ujuzi wa vifaa vya ujenzi na miamba ya nchi ni sehemu ya elimu ya usuli, na kwamba ujuzi huo ulikuwa ukikusanywa nchini kwa miongo kadhaa. Kama siku moja mgodi kama ule wa Bulyanhulu, ambao njia zake hufika takriban kilomita moja chini ya ardhi, utafikiriwa kwa ajili ya fizikia, swali la kwanza litahusu urani na thori katika kuta zake. Nchini wapo watu wanaojua kulijibu.

7.0 Hitimisho

Insha imeonesha kuwa historia ya nyutroni za usuli ni historia ya kutenganisha anga na mwamba. Kwa upande wa mwamba, jiwe la Uluguru lilitoa jina la madini mwaka 1906 na ushahidi wa isotopu mwaka 1914. Katanga ikatoa urani yenyewe. Na kituo cha treni cha Moscow kikaonesha mwaka 1940 kwamba urani hupasuka hata pale anga inapozuiliwa. Migodi ya Homestake na East Rand, na baadaye Gran Sasso, ilifanya upimaji wa usuli kuwa sharti la ugunduzi.

Kwa Tanzania, mabadiliko makubwa yalitokea pale kipimo kilipohamia nchini. Kati ya mwaka 1914, Morogoro ilipokuwa jina tu kwenye chupa ya sampuli huko Ulaya, na mwaka 2000, Minjingu ilipopimwa na kuandikwa na Watanzania wenyewe, lipo badiliko ambalo historia ya sayansi nchini haijalipa uzito wake. Badiliko hilo halikuja na chombo kikubwa wala tuzo. Lilikuja na jedwali la bekereli kwa kilo, lililotayarishwa ili mchimbaji na jirani yake wajue wanakaa juu ya nini. Insha inapendekeza kwamba wanaoandika historia ya fizikia nchini Tanzania waanzie katika majedwali hayo.